Programu ya Hesabu Ipimwe kwa Wiki Mbaya ya Duka

MASWALI YA WASOMAJI: BIASHARA NA HESABU

Barua kutoka Langoni, Lamu

"Mwalimu, asalaam aleikum. Nina duka la vifaa vya ujenzi karibu na Usita wa Mui, na bidhaa zangu, yaani saruji, mabati, rangi na misumari, hutoka Mombasa. Mauzo yangu ya mwaka yamepita shilingi milioni 5, kwa hiyo nimesajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Hesabu zote zimo katika madaftari mawili, moja la mauzo na moja la madeni. Mwanangu aliyerudi kutoka chuoni ananihimiza nihamie kwenye programu ya uhasibu ya mtandaoni, na amenionyesha QuickBooks, Xero na Zoho Books. Kila moja ina ukurasa mrefu wa kujisifu. Nimezisoma zote tatu na sikuona tofauti. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini daftari la karatasi nalijua na hili jipya silijui. Nichague vipi? Na zaka nitaihesabu vipi humo?"

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Hukuona tofauti kwa sababu kurasa hizo hazikuandikwa ili uione. Programu zote tatu zinafuata uhasibu wa pande mbili, ambamo kila shilingi huandikwa mahali ilikotoka na mahali ilikokwenda. Zote hutoa ankara, hutunza orodha ya wadaiwa na ya wadai, na hukupa taarifa ya faida na hasara. Ukizilinganisha kwa sifa hizo utabaki pale pale. Mimi ningekushauri uchukue wiki moja mbaya ya duka lako, wiki ambayo iliwahi kukutoa jasho, uiingize yote katika kila programu wakati wa majaribio ya bure, ambayo mara nyingi ni siku 14 au 30, kisha utazame ni ipi iliyoweza kuieleza wiki hiyo bila wewe kulazimika kudanganya.

Nasema wiki mbaya kwa sababu wiki nzuri haipimi kitu. Mteja akija na fedha taslimu, akanunua kilo 2 za misumari na kuondoka, hata daftari la shilingi 50 linatosha. Lakini mwenye duka la Lamu anajua wiki nyingine zinavyokuwa. Fundi amechukua mifuko 20 ya saruji kwa deni. Nusu ya fedha imelipwa kwa M-Pesa kutoka simu ya mwenye nyumba, ambaye jina lake halimo katika daftari lako, na robo amepewa kijana wa duka mkononi. Siku ya tatu mifuko 3 imerudishwa kwa kuwa imeshika unyevu na kuganda. Siku ya nne umetoa shilingi 8,000 kwenye droo kwa ajili ya arusi ya mpwa wako. Siku ya tano shehena mpya imefika ikiwa na bei tofauti na ile ya kwanza, na jioni yake mtandao umekatika. Andika mambo haya yote kwenye karatasi kwa mfuatano, kisha mkae nyinyi wawili, wewe na mwanao, muyaingize. Usimwachie yeye peke yake, kwa maana atakayeitumia programu saa 12 jioni duka likiwa limejaa watu si yeye.

Jambo la kwanza nitakalotaka uliangalie ni gharama halisi ya bidhaa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wafanyabiashara wa visiwani wanapopotezwa na programu zilizotungwa na watu ambao lori huwafikia mlangoni. Tuchukue mfano wa kubuni, tukiiacha VAT kando. Mfuko mmoja wa saruji umeununua Mombasa kwa shilingi 700. Lori limekutoza shilingi 60 kwa kila mfuko hadi Mokowe, gati la upande wa bara, mashua shilingi 40 hadi gatini Amu, na wachukuzi pamoja na punda shilingi 30 hadi ghalani. Mfuko huo umekugharimu shilingi 830. Ukiuuza kwa 850, faida yako ni shilingi 20. Programu ambayo imeandikiwa ankara ya muuzaji peke yake itakuonyesha faida ya shilingi 150 kwa kila mfuko, na gharama za lori, mashua na punda zitajitokeza mahali pengine chini ya kichwa cha usafiri, pengine mwezi mwingine kabisa. Jumla ya mwisho wa mwaka itakaribia ukweli, lakini wewe utakuwa umepanga bei mwaka mzima kwa kutazama faida isiyokuwapo. Muulize muuzaji wa programu swali moja tu: je, nikipokea ankara ya mashua leo, naweza kuigawanya juu ya mifuko iliyoingia juzi, ili bei ya kila mfuko ghalani ipande? Akianza kukueleza jinsi ya kuiandika kama matumizi ya kawaida, ujue jibu lake ni hapana. Hilo si lazima liwe sababu ya kuiacha programu hiyo, maana unaweza kupanga bei kwa jedwali lako la pembeni, lakini afadhali ulijue kabla ya kulipa.

Linalofuatana na hilo ni kanuni ya kuhesabu bidhaa iliyouzwa. QuickBooks ya mtandaoni hufuata kanuni ya kilichoingia kwanza ndicho kinachotoka kwanza, ilhali Xero hutumia wastani wa bei. Kama una mifuko 50 iliyokugharimu 830 na mingine 50 iliyokugharimu 890, kisha ukauza 60, kanuni ya kwanza itasema mifuko hiyo imekugharimu shilingi 50,400, na ya pili itasema 51,600. Hakuna mwizi hapo, ni njia mbili halali za kuhesabu kitu kimoja. Kwa saruji, ambayo katika hewa yetu ya chumvi na unyevu haistahili kukawia ghalani, kanuni ya kwanza inafanana na vile unavyopaswa kuuza. Tahadhari nyingine ni kwamba katika QuickBooks ya mtandaoni hesabu ya bidhaa ghalani haimo katika daraja za bei ya chini. Huanzia daraja inayoitwa Plus. Mtu akikutajia bei ya kuvutia, muulize ni ya daraja gani.

Sasa M-Pesa. Programu za nje husifiwa kwa kuungana na benki moja kwa moja na kuvuta miamala yenyewe, lakini uwezo huo hutegemea benki na nchi. Uliza kama benki yako imo katika orodha yao. Isipokuwamo, itakubidi uchukue taarifa ya benki na ya nambari yako ya Lipa na M-Pesa kama faili la jedwali, uipakie mwenyewe, kisha uoanishe kila malipo na ankara yake. Kazi hii si ngumu, ila ina mtego mmoja ulioninasa mimi binafsi. Niliwahi kupakia taarifa ya mteja wangu bila kutazama mpangilio wa tarehe, na programu, ambayo ilikuwa imewekwa kwa desturi ya Marekani ya kutanguliza mwezi, ikasoma tarehe 5 Agosti kuwa tarehe 8 Mei. Siku zilizozidi 12 ilizikataa, ndipo nikashtuka. Lakini zile 12 za mwanzo wa mwezi zilikuwa zimekwisha kutawanyika katika mwaka mzima, na nilizitafuta kwa siku mbili. Weka nchi na mpangilio wa tarehe kabla ya kuingiza muamala wowote. Kumbuka vilevile kwamba kiasi anacholipa mteja na kiasi kinachokufikia baada ya makato si kimoja: andika mauzo kamili, kisha makato yaandikwe kama gharama.

Kwa upande wa KRA, yaani Mamlaka ya Mapato Kenya, wewe uliyesajiliwa kwa VAT huna hiari: kila ankara yako lazima ipitie eTIMS, mfumo wao wa ankara za kielektroniki. Tena tangu tarehe 1 Januari 2024 matumizi ya biashara yasiyokuwa na ankara ya eTIMS hayakubaliwi kupunguza mapato yanayotozwa kodi, kwa hiyo na wateja wako wenye biashara watakudai ankara hiyo. Usiridhike kuambiwa kwamba programu "inakubaliana na eTIMS". Uliza kama imeunganishwa yenyewe au kupitia kampuni ya tatu, kampuni hiyo hulipwa kiasi gani kwa mwezi, na kama imo katika orodha ya walioidhinishwa na KRA. Kisha, katika siku zako za majaribio, uliza jinsi wanavyorekebisha ankara iliyotumwa kimakosa, kama ile ya mifuko 3 iliyoganda. Ankara ikishapokelewa na KRA haifutwi. Hurekebishwa kwa hati ya kupunguza deni inayorejelea ankara ya awali. Programu inayokuruhusu kuifuta ankara kwako huku kule KRA imebaki itakugombanisha na marejesho yako ya VAT kila tarehe 20 ya mwezi.

Kuhusu mtandao kukatika, nitasema kwa ufupi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba Kenya na Tanzania kwa siku kadhaa. Huko ni mbali na kukatika kwa kila siku kunakosababishwa na umeme. Programu za uhasibu wa mtandaoni kwa jumla hazifanyi kazi bila mtandao. Wenye maduka wengi hutumia programu mbili: ya kaunta, ambayo huendelea kuuza mtandao ukiwa haupo na kutuma taarifa unaporudi, na ya vitabu, ambayo hupokea jumla ya siku. Ukiona mpango huo ni mzito kwako, bakisha kitabu cha risiti cha karatasi chini ya kaunta kwa dharura. Sioni aibu yoyote hapo.

Kijana wa duka apewe jina lake la kuingilia na nywila yake, aruhusiwe kuuza na asiruhusiwe kufuta. Katika QuickBooks na Xero unaweza kufunga mwezi uliokwisha ili usiguswe tena, na kuna kumbukumbu inayoonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi. Watu wengi wanaolipia programu hizi hutumia nywila moja duka zima, na kwa kufanya hivyo huitupa faida kubwa kuliko zote iliyozidi daftari la karatasi.

Bei nayo ina mambo. Ada nyingi huhesabiwa kwa dola. Mwezi Januari 2024 dola moja ilifikia takriban shilingi 160, na kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Ada ya dola 30 ilitoka shilingi 4,800 hadi 3,870 bila mwenye programu kubadilisha chochote, na safari ya kurudi juu huwa haipigi hodi. Ongeza asilimia 16 ya VAT kama haimo, na usihesabu kwa bei ya punguzo la miezi ya mwanzo. Hesabu kwa miaka 3.

Na kabla hujaingia, tafuta mlango wa kutokea. Mwaka 2023 Intuit, kampuni yenye QuickBooks, iliacha kutoa huduma ya programu hiyo nchini India, soko kubwa kuliko letu mara nyingi, na wafanyabiashara wa huko wakalazimika kuhamisha vitabu vyao. Kwa hiyo katika wiki yako ya majaribio, siku ya mwisho, toa kila kitu nje: orodha ya wateja, madeni, bidhaa, na leja kuu, yaani kitabu cha akaunti zote, tangu muamala wa kwanza. Fungua mafaili hayo katika programu ya kawaida ya majedwali uone kama unaweza kuyasoma. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka 5, na sheria hiyo haitamuuliza muuzaji wa programu, itakuuliza wewe. Mimi programu isiyotoa leja kamili siitazami mara ya pili, hata iwe rahisi namna gani.

Ama zaka, hakuna hata moja kati ya hizo tatu itakayokuhesabia kama inavyotakiwa, lakini zitakupunguzia kazi. Mwaka wa zaka ni wa mwezi mwandamo, wenye siku kama 354, kwa hiyo siku yako hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Omba mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, ya siku hiyo hasa, na programu itakupa fedha zilizopo, bidhaa ghalani na madeni. Angalia kwamba programu huthamini bidhaa kwa gharama, ilhali wanavyuoni wengi husema bidhaa ya biashara ithaminiwe kwa bei ya soko ya siku hiyo. Chapisha orodha ya bidhaa, weka bei ya siku pembeni, kisha ukate asilimia 2.5. Deni ambalo huna tamaa ya kulipwa, muulize shehe wako. Halafu ukiwa umo humo, hakikisha kipengele cha kumtoza mteja riba ya kuchelewa kimezimwa.

Kati ya hizo tatu sitakuchagulia, kwa sababu sijaiona wiki yako. Ila kama zote zitashinda mtihani, mchukue mhasibu wako wa marejesho umuulize yeye anaifahamu ipi.

Barua kutoka Shela

"Mwalimu, shikamoo. Mimi na dada yangu tuna nyumba ya wageni ya vyumba 6. Wageni hulipa kwa euro, dola, kadi na M-Pesa, na wakala wa mtandaoni hutukata kamisheni kabla ya kututumia chetu. Katika programu tunayoijaribu mapato yanaonekana madogo kuliko tuliyouza, na mgeni wa Desemba aliyelipa Agosti anaonekana kama mapato ya Agosti. Tena tuna wafanyakazi 4. Kasoro ni ya programu au ni yetu?"

Marahaba, dada zangu. Kasoro mbili za kwanza ni zenu, na zinarekebishika leo. Chumba kikiuzwa kwa shilingi 12,000 na wakala akakata asilimia 15, mtapokea 10,200. Nyinyi mmeandika hiyo 10,200 kuwa mapato. Andikeni 12,000 kama mapato na 1,800 kama gharama ya kamisheni. Faida haibadiliki, lakini mtaona mwaka mzima wakala huyo amekula kiasi gani, na kodi ya mauzo ghafi, ile tunayoiita TOT, hutozwa kwa mauzo kamili. Kwa biashara zenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka kiwango chake ni asilimia 3 tangu Julai 2023. Fedha za mgeni wa Desemba ni amana hadi atakapolala, kwa hiyo fungueni akaunti ya amana za wageni upande wa madeni yenu. Programu nzuri ina mahali pa amana tayari. Msipopaona, hiyo ndiyo kasoro yake.

Kuhusu fedha za kigeni, nendeni polepole. Katika QuickBooks ya mtandaoni, ukishawasha matumizi ya sarafu nyingi huwezi kuyazima tena, na hayamo katika daraja ya chini kabisa. Jaribuni kwanza katika kampuni ya mfano, si katika vitabu vyenu. Kama euro mnazopokea mnazibadilisha siku hiyo hiyo na hamna akaunti ya euro benki, pengine hamhitaji kipengele hicho hata kidogo: andikeni shilingi mlizopata na muweke risiti ya kubadilishia.

Mishahara ya wafanyakazi 4 msiitafute katika programu hizo za nje. Sehemu zao za mishahara hufuata sheria za nchi chache, na Kenya kwa kawaida haimo. Huku kwetu viwango vimebadilika mno: makato ya Bima ya Afya ya Jamii ya asilimia 2.75 yalianza Oktoba 2024, ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 nyingine kwenu, na makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hupandishwa kwa awamu. Tumieni programu ya mishahara ya hapa Kenya au jedwali, kisha jumla ya mwezi iingie katika vitabu, mkikumbuka kwamba makato hayo hupelekwa kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Na kwa kuwa nyumba za wageni hulala njaa kuanzia masika hadi kusi litulie, lipieni kwa mwezi, si kwa mwaka, na muulize kama mnaweza kushuka daraja miezi hiyo bila kupoteza kumbukumbu.

Barua kutoka Malindi

"Nauza kanga na madera kibandani na kwa simu. Sifiki shilingi 80,000 kwa mwezi. Rafiki yangu amenunua programu na ananicheka kwa daftari langu. Ninunue?"

Usinunue, mwanangu. Kwa mauzo hayo hujafika hata shilingi milioni 1 kwa mwaka, na ada ya programu itakula faida ya kanga kadhaa kila mwezi. Tenganisha laini ya biashara na ya nyumbani, au tumia Pochi la Biashara, huduma ya M-Pesa ya kupokelea fedha za biashara ndogo, ili fedha za kanga zisichanganyike na za unga. Katika daftari ongeza safu mbili ambazo wengi hawana: bei uliyonunulia, na jina la anayedaiwa pamoja na tarehe aliyoahidi. Mteja mwenye biashara akikuomba ankara ya eTIMS, unaweza kuitoa bure kwa simu yoyote kupitia *222#. Kila Ijumaa piga picha kurasa za wiki uzihifadhi. Siku utakapoajiri mtu wa pili au utakapoanza kuuza kwa deni kwa watu usioweza kuwahesabu kwa kichwa, niandikie tena.